Siku moja maishani mwangu: kupandisha wageni Mandara na kuwashusha kabla ya giza

Saa 10:30 alfajiri. Kabla ya chai ni tochi. Tochi mbili za kichwa zinawashwa, zinaachwa dakika tano ukutani nione kama mwanga unafifia, kisha betri za akiba zinaingia kwenye mfuko wa nailoni. Safari ya siku moja kutoka geti la Marangu hadi kituo cha Mandara, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, kwenye ratiba inaanza asubuhi na kuisha mchana. Msituni lakini giza linatangulia kuzama kwa jua, kwa sababu miti imefunga juu, na mwongozaji asiye na tochi anajifunza hilo siku ambayo mgeni wake mmoja hawezi tena kushuka.

Mkoba unapangwa vilevile kila siku, ili mkono ujue mahali pa kwenda bila macho. Chini kabisa makoti mepesi ya mvua matatu, ya kuwapa watakaokuja bila. Katikati chupa ya chai ya moto yenye sukari nyingi, soksi kavu jozi mbili, blanketi la karatasi ya fedha. Juu sanduku la huduma ya kwanza: glavu, shashi ya vidonda, bandeji ya kuvutika, plasta za malengelenge, pakiti nne za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa), kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Mfuko wa pembeni una filimbi, kisu, tepu pana ya fundi na vibano vya plastiki vya kufungia nyaya. Hivyo viwili vya mwisho wageni huvishangaa. Leo vimefanya kazi kuliko kitu kingine chochote.

Saa 12:30 asubuhi tulipaswa kuondoka Moshi. Wageni sita, ofisi moja ya Dar es Salaam, wamefika jana jioni kwa basi. Watano walikuwa chini hotelini, viatu vimefungwa. Wa sita alikuwa bado amelala.

Hapa niseme wazi, maana ndipo watu wasipoielewa kazi hii. Muda wa saa nzima unaopotea asubuhi mlimani haufanani na saa nzima inayopotea mchana. Ukanda wa msitu upande wa kusini wa Kilimanjaro unapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na siku nyingi mambo huenda hivi: asubuhi anga safi, jua likichoma hewa yenye unyevu inapanda, kufika mchana wingu limekaa msituni na juu yake. Ukichelewa saa moja chini, ukifika juu hukioni tena Kibo, kilele kikuu cha mlima, na ile saa moja inakufuata jioni wakati wa kushuka, mkiwa mmechoka. Mgeni aliyechelewa huona amechelewesha gari tu.

Kaka huyo alishuka saa 1:20 akiwa na suruali ya jinzi, raba nyeupe za soli bapa, na spika ya muziki mkononi. Nikamwomba kwa upole tupitie mtaani akodishe viatu.

"Kaka, hizi hizi zinatosha. Nachezea nazo mpira."

"Uwanjani zinatosha, kaka. Kule juu utakanyaga mzizi uliolowa, na soli hii haina meno. Jinzi nayo ikinyesha itakunywa maji, na haikauki mpaka kesho."

Mabishano ya namna hii nina kanuni nayo: nasema sababu mara moja, kisha naonyesha. Nilimwekea kiatu cha msaidizi wangu kando ya raba yake, soli juu. Aliangalia, akakubali. Kukodisha kumekula dakika 25, kwa sababu kiatu cha kukodi hakichukuliwi kwa namba. Unavaa soksi nene utakayotembea nayo, unasukuma mguu mbele kabla ya kufunga kamba, na kidole kimoja cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kisipoingia, wakati wa kushuka vidole vya mguu vitagonga ncha ya kiatu maelfu ya mara, na kucha za vidole gumba zitageuka nyeusi. Kucha zenyewe zikatwe siku moja kabla. Zikikatwa asubuhi ya safari, ngozi ya pembeni inabaki kidonda.

Barabara ya Himo, kisha kupanda migombani hadi Marangu, haina la kusimulia. Getini mgeni mmoja alikuwa ameacha kitambulisho hotelini, na ada ya raia haitozwi kwa mdomo, kwa hiyo tulingoja picha ya kitambulisho itumwe kwa simu. Chupa za plastiki za kutupwa zimebaki garini, maji yamehamishiwa kwenye chupa za kudumu, lita mbili na nusu kwa kila mtu. Majina yameandikwa kitabuni. Wakati wa kungoja, wageni hupenda kusoma kibao cha Hans Meyer aliyefika kileleni mwaka 1889. Mimi huwatajia pia Yohani Kinyala Lauwo wa hapa hapa Marangu, anayekumbukwa kama mwongozaji wa safari ile. Mzungu hakujionyesha njia mwenyewe.

Tumeanza kutembea saa 4:10. Ratiba ilisema saa 2:30.

Geti liko juu kidogo ya mita 1,800, Mandara ni mita 2,700 hivi, na kati yao kuna kilomita 8. Wagumu, yaani wapagazi, wana njia yao pana. Ya wageni inaingia ndani ya msitu, imejaa mizizi, ngazi za magogo na vijito. Anayetembea polepole kuliko wote nilimweka nyuma yangu mara moja, ili mwendo wake uwe mwendo wa kundi. Msaidizi anafunga nyuma, na hakuna anayebaki nyuma yake, hata wa kwenda haja. Kipimo cha mwendo ni maneno. Mtu akiweza kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, yuko sawa. Akianza kujibu neno moja moja, napunguza bila kumwambia.

Leo wa polepole alikuwa mama wa makamo, mhasibu wao, mwenye pumzi nzuri na hatua fupi. Kaka wa spika alimpita, akanipita na mimi, akapotea kwenye kona. Nilimpigia filimbi, akangoja. Dakika kumi baadaye akarudia. Nikamwomba azime muziki, nikamweleza kwa nini: mbega wanaokula majani juu ya vichwa vyetu hukaa kimya na kutulia, wakisikia kelele ngeni wanahamia ndani, na waliolipa kuja kuwaona wanabaki na matawi yanayotikisika. Alizima. Robo saa baadaye tuliwaona sita, manyoya meupe yakining'inia mabegani na mkiani, na mama yule akasimama akasema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini. Kwa ajili ya sekunde hizo naipenda kazi hii.

Kando ya maji yapo maua madogo mekundu na manjano, yenye mkia uliojikunja kama mkonga wa tembo. Ni Impatiens kilimanjari, ua ambalo haliko mlima mwingine wowote duniani. Halichumwi. Juu zaidi miti mikubwa ya mikulo inapungua, likeni za kijivu zinaanza kuning'inia kama ndevu. Mgeni akiona ndevu hizo, ajue ukungu hupita hapo karibu kila siku, na koti la mvua litoke chini ya mkoba lije juu.

Kisambioni, mahali pa kupumzikia, tumefika saa 5:40. Kila mtu ndizi moja, maji, na dakika 15 tu, maana misuli ikipoa kuianzisha upya ni kazi. Hapo ndipo nilipoona kiatu cha mama. Viatu vyake vilikuwa vizuri kwa macho, ngozi inang'aa, vimekaa kabatini miaka. Tatizo la viatu vya namna hiyo haliko kwenye ngozi. Povu lililo kati ya soli na kiatu huvunjika lenyewe kwa unyevu wa hewa, hata bila kuvaliwa, na safari ya kwanza yenye matope inaling'oa. Soli ya kulia ilikuwa inafungua mdomo mbele.

Kuifunga kuna namna yake. Toa matope yote kwa kijiti, futa mpaka pakauke, la sivyo tepu haishiki. Vibano viwili vinazunguka mbele, penye upana wa mguu, kimoja mbele ya mkunjo wa vidole na kingine nyuma yake. Usiweke juu ya mkunjo wenyewe, maana pakipinda kinakatika. Cha tatu kinapita kwenye upinde wa nyayo na kufungwa juu ya kamba. Vichwa vya vibano vikae juu, visikanyagwe. Tepu inafunika ubavuni tu. Ikipita chini ya soli yote, kiatu kinateleza kama sabuni. Dakika 12. Na cha kushoto nikakifunga kabla hakijafunguka, kwa sababu viatu hivi huzeeka jozi.

Mandara tumefika saa 7:20 mchana, wingu limetangulia kufika. Kanuni yangu ni kwamba saa 8:00 atakayekuwa hajafika Mandara anageuka alipo. Kwa hiyo tulikuwa salama, kwa shida. Vibanda vya mbao vyenye paa la pembe tatu, chakula mezani, macho kwa kunguru wenye shingo nyeupe na kima, ambao wanajua zipu kuliko sisi. Wageni wameketi jasho likiwa mgongoni, na hapo ni pa kusema "vaa sweta sasa" kabla mtu hajasikia baridi. Joto hupungua karibu digrii 6 kila mita 1,000 unazopanda. Ukilinganisha na Moshi, pale Mandara ni baridi zaidi kwa digrii 11 hivi. Oksijeni katika kila pumzi ni kama asilimia 72 ya ile waliyoizoea Dar. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kichwa kuuma pamoja na kutapika, au kuyumba kama mlevi kwenye mstari ulionyooka, ni kushuka hapo hapo, bila kikao.

Wanne walikwenda na msaidizi kwenye kreta ya Maundi, dakika 20 kupanda. Siku ya anga safi pale unaona vilele vya Mawenzi na Kibo upande mmoja, na upande wa pili Ziwa Chala na nchi tambarare ya Kenya. Leo wameona nyasi, maua, na ukungu. Ile saa moja na dakika 40 tuliyochelewa asubuhi imelipwa pale.

Nilibaki na mama, aliyetaka kupumzisha miguu, na kaka wa spika, ambaye mapaja yalikuwa yamekaza. Alikuwa amekunywa nusu lita tangu geti. Pakiti moja ya ORS kwa lita moja ya maji, anywe taratibu, na kunyoosha paja bila kulivutavuta.

Tumegeuka saa 8:40. Kuanzia hapo saa sikuziangalia sana, niliangalia magoti.

Wageni wanadhani wakifika juu kazi imeisha. Wakati wa kupanda paja linasukuma. Wakati wa kushuka paja ni breki: kila hatua linabeba mwili wote likiwa linavutika, na misuli isiyozoea kazi hiyo huanza kutetemeka baada ya saa moja hivi. Goti linakosa mlinzi, mguu unatupwa badala ya kuwekwa, na hapo ndipo watu huvunjika vifundo. Kwa hiyo kamba za viatu zinafungwa upya kwa wote: legeza vidoleni, kaza kwenye mkunjo wa juu wa mguu, pitisha kila ncha kwenye kitanzi cha upande wa pili kabla ya fundo, ili kisigino kisitoke nyuma. Fimbo zinarefushwa sentimita 5 hadi 10 na zinatangulia mwili. Hatua ziwe fupi na goti limekunjwa kidogo. Usikanyage mzizi, kanyaga udongo kati ya mizizi.

Mvua ikaanza. Siyo kubwa, ila njia ikawa utelezi, na kaka akakaa chini mara ya kwanza karibu na mto. Kisha mara ya pili. Mapaja yalikuwa yanacheza yenyewe, nikiweka kiganja nayasikia. Kupiga redio ya upepo kuomba kitanda cha gurudumu moja kunawezekana, lakini kitanda kile kinahitaji watu kadhaa wa kukishika kwenye njia mbaya, na huenda juu kuna anayekihitaji zaidi. Mtu aliyechoka misuli, mwenye akili timamu na asiyeumia popote, anashushwa kwa miguu yake. Msaidizi alitangulia na wanne. Mkoba wa kaka niliuvaa kifuani, wangu mgongoni. Kwenye ngazi za magogo alishuka kinyumenyume akinishika mabega, kama anayeshuka kwenye ngazi ya dari. Kwenye mteremko mrefu tulikata njia kwa kona, kushoto kisha kulia, ili pembe ipungue. Hatua 50, kupumzika kwa kusimama, kamwe si kwa kukaa. Hatua 50. Chai ya sukari kikombe kimoja kimoja. Mama alitembea mbele yetu na viatu vyake vya vibano, akihesabu kwa sauti.

"Kiongozi, nisamehe kwa asubuhi," kaka akasema, baada ya Kisambioni.

"Weka fimbo kwanza, kaka. Halafu mguu."

Taa zimewashwa msituni wakati nje ya miti bado palikuwa na mwanga. Mara kilomita ya mwisho, njia ikapanuka, sauti za madereva zikasikika.

Nimeandika kitabuni: wageni sita wametoka, saa 12 kasoro dakika 5. Vichwa vimehesabiwa mara mbili, na mfuko wa taka umerudi na kila tulichopanda nacho, vibano vitatu vilivyokatika vikiwemo. Mama aliniachia viatu. Nikamwambia gundi haitavifaa, vimeisha.

Nyumbani Moshi makoti ya mvua yametundikwa nje, ndani nje. Betri zimewekwa chaji. Vibano vimebaki viwili kwenye mfuko wa pembeni, kwa hiyo kabla ya saa 12 asubuhi lazima nigonge dukani kwa fundi umeme nichukue kumi.