Miaka 25 waliyonihesabia

Barua ya pensheni inasema nimefanya kazi miaka 25. Ilikuja mwaka 2023, nilipotimiza miaka 66. Nilikuwa jikoni hapa Leicester na chai yangu ya rangi, nikaisoma mara mbili kama ninavyosahihisha daftari la mtoto nisiyemwamini. Huku Uingereza, ukitaka pensheni kamili ya serikali uwe na miaka 35 ya michango; chini ya 10 huambulii kitu. Mimi nilifika 1998, kwa hiyo hesabu yao haina kosa. Ila nilicheka peke yangu. Marehemu mama angesikia angeuliza: hiyo mingine ulikuwa umelala wapi?

Nimezaliwa 1957 wilaya ya Newala, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde. Kazi nilianza kabla sijajua kusoma. Msimu wa korosho ukifika, alfajiri tuko mikoroshoni. Unaokota bibo lililoanguka, mkono mmoja unashika bibo, wa pili unainyonga korosho na kuitupia kwenye kikapu. Bibo unalinyonya hapohapo. Maji yake yakidondokea nguo, doa halitoki mpaka nguo ichakae. Shati langu la shule lilikuwa na ramani nzima kifuani, na mwalimu wa zamu hakuwa na haja ya kuuliza nani kapitia shambani kabla ya kengele.

Kazi nyingine ilikuwa maji. Kule juu hakuna mto. Maji ya kusukumwa kwa mashine kutoka bondeni yalikuwapo, lakini mashine ikigoma, na iligoma sana, wanawake na watoto walishuka bondeni gizani na kurudi jua limeshapanda. Sisi watoto tulipewa vibuyu. Ukimwaga njiani, usiseme umejikwaa, hakuna atakayekuamini.

Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya Ndanda, baba alifurahi, lakini aliyeuza magunia ya korosho ni mjomba. Akaninunulia sanduku la bati, shuka mbili na kandambili. Ndanda ipo chini ya uwanda, na maji yanatiririka kutoka mlimani usiku na mchana bila mtu kuyalipia. Kwa mtoto wa Newala ile ilikuwa karibu kufuru. Wiki ya kwanza nilikuwa naoga mara tatu kwa siku, mpaka wenzangu wakadhani naumwa. Mzee Mkapa alisoma hapo miaka mingi kabla yetu; wakati wetu alikuwa bado hajawa rais, kwa hiyo hakuna aliyetutisha kwa mfano wake.

Tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ilipata uhuru, nami niko kidato cha nne. Wengine walishangilia kama mpira. Sisi wa Newala tulikuwa tumekua na vita ile ng'ambo ya Ruvuma, na wakimbizi walikuwa wamelala nyumbani kwetu, tukachimba nao ming'oko porini wakati wa njaa. Usiku ule nililia, nikasingizia moshi.

Baadaye ualimu. Nilisomea Mtwara, nikapangiwa kijiji kimoja cha Nachingwea, kipindi kile cha elimu kwa wote iliyoanza 1977. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watoto zaidi ya 70 na madawati tisa. Hapo ndipo nilipoona korosho ikifa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki nyuma inamezwa na pori. Bei ikawa mbaya, halafu ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Nchi iliyovuna tani kama 145,000 msimu wa 1973/74 ilishuka hadi tani 16,500 hivi mwaka 1986/87. Takwimu hizo nilizisoma nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilihesabu kwa miguu: wakubwa waliokuja darasani na viatu, wadogo zao walikuja pekupeku.

Mshahara ulichelewa miezi. Ukitaka kuufuatilia Dar es Salaam, kuna Rufiji katikati. Mwaka 1986 nililala Ndundu siku mbili nikingoja pantoni. Niliporudi 2005 kumzika mama, nilisinzia kwenye basi, nikashtuka nikamuuliza kondakta, "Rufiji tunafika saa ngapi?" Akasema, "Mzee, tumeshavuka." Daraja lilikuwa limefunguliwa miaka miwili kabla.

Ya Leicester sina mengi. Mke wangu ni muuguzi, nilimfuata, nikapata kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, zamu ya usiku. Mwalimu wa miaka ishirini anasukuma kitanda. Mwanzo iliuma, baadaye nikazoea, halafu nikaipenda, maana mgonjwa anayepelekwa chumba cha upasuaji saa nane za usiku anataka mtu wa kuongea naye, na kuongea ndiyo kazi niliyosomea. Bibi mmoja aliniuliza natoka wapi. Nikajibu, "Ntwara," hivyohivyo kwa ulimi wa kwetu, akarudia vizuri kuliko watu wa Dar.

Nikirudi kuishi Newala pensheni itanifuata, lakini itaganda palepale. Nyongeza ya kila mwaka hawaipeleki Tanzania, kwa kuwa nchi hizi mbili hazina makubaliano hayo. Na ile ya ualimu wangu? Ofisi moja imeniambia faili halionekani. Nikawaomba watafute tena. Halionekani.

Mwezi uliopita dada yangu alipiga simu. "Kaka, nimefungua lile sanduku lako la bati, la Ndanda. Mama aliweka karatasi zako humo." Kulikuwa na barua yangu ya kuajiriwa. Nikamwambia aipige picha anitumie. Picha imekuja: jina langu lipo, muhuri upo, mshahara upo. Kona ya juu, penye tarehe, mchwa wamekula.

Nikamuuliza mbona wameacha kote wakala tarehe tu.

"Sasa niwaulize mimi?" akasema. "Mchwa wa Newala, kaka. Shule hawakwenda."