Mkoa wa Cork na mchezaji wake aliyekuwa dereva wa lori

Christy Ring, ambaye Waayalandi wengi humtaja kuwa mchezaji mkubwa kuliko wote waliowahi kushika fimbo ya halingi, mchezo wa Ayalandi wa fimbo na mpira, aliendesha lori la mafuta la kampuni ya Shell katika barabara za mkoa wa Cork. Jumapili ya fainali alicheza mbele ya watu zaidi ya 80,000, kisha akarudi kwenye usukani wake. Mchezo wenyewe haukumlipa mshahara, kwa kuwa chama kinachousimamia, kilichoanzishwa katika mji wa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, hakilipi wachezaji, na msimamo huo unashikwa mpaka leo hata kwa wale wanaojaza viwanja na kuonyeshwa kwenye televisheni. Mimi ninaandika nikiwa Lubumbashi, mji ambao mtoto huzaliwa akiwa tayari shabiki wa timu ya soka ya Mazembe au ya Lupopo, na ambao malori hayakauki katika barabara yake ya kwenda mpakani Kasumbalesa. Labda ndiyo sababu habari za dereva huyo zilinishika tangu nilipozisoma mara ya kwanza, nikaanza kufuatilia mkoa wake wote.

Waayalandi wenyewe si wageni katika historia yetu. Wazee waliokuwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1961 wanawakumbuka askari wao, waliokuja chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa wakati jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo. Mwezi wa Septemba mwaka huo kikosi chao kimoja kilizingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, kikapigana kwa siku tano kabla ya kusalimu amri, na mwaka uliotangulia, tarehe 8 Novemba 1960, tisa kati yao walikuwa wameuawa Niemba. Katika familia yetu mambo hayo yalisimuliwa kama habari za vita tu, wala hakuna aliyeuliza vijana wale walikuwa wameacha nini nyumbani kwao. Siku hizo walipokuwa wakilinda doria katika mitaa yetu, Ring, akiwa na umri wa miaka 40, alikuwa bado anaichezea Cork.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, nieleze kwa ufupi. Kila upande una wachezaji 15, na nguzo za goli zimesimama kama herufi H: mpira ukiingia wavuni chini ya mwamba ni goli lenye thamani ya pointi tatu, ukipita juu ya mwamba katikati ya nguzo ni pointi moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa namba mbili, magoli kwanza na pointi baadaye. Mpira ni mdogo, wa ngozi, wenye uzito wa gramu 110 hadi 120, na mchezaji haruhusiwi kuubeba mkononi zaidi ya hatua nne. Akitaka kukimbia nao mbali, ni lazima auweke juu ya ubapa wa fimbo na kuusawazisha hapo huku wapinzani wakimkimbilia na fimbo zao. Tangu 2010 kofia ngumu ya kinga ni lazima kwa kila mchezaji. Kizazi cha Ring kilicheza vichwa wazi.

Fimbo yenyewe inastahili maneno zaidi, kwa sababu ni kazi ya fundi. Hukatwa kutoka katika mti wa Ulaya wa jamii moja na mzeituni, na si sehemu yoyote ya mti huo inayofaa, ila ile mita moja ya chini kabisa, pale shina linapotanuka kuingia ardhini na kuwa mizizi. Hapo nyuzi za mbao zimejipinda zenyewe, nazo zikifuata mpindo wa ubapa, fimbo inahimili pigo. Nyuzi zikikatwa na mpindo, fimbo inapasuka mara inapogongana na nyingine. Tangu 2012 ugonjwa wa kuvu umekuwa ukiiua miti hiyo katika Ayalandi, hata mafundi wakalazimika kuagiza mbao nje na kujaribu mianzi. Habari hiyo ilinihuzunisha kwa kweli, kama anavyohuzunika mtu wa Katanga anapoona miombo ikigeuzwa makaa.

Halingi ni ya zamani sana. Mwaka 1366 watawala wa Kiingereza waliitungia sheria katika mji wa Kilkenny, wakiwakataza walowezi wao wasiicheze, na katika masimulizi ya kale ya Waayalandi shujaa Cú Chulainn alimuua mbwa mkali kwa fimbo na mpira angali mtoto. Cork ilitwaa ubingwa wa nchi nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1890, na sasa ina vikombe 30, ikitanguliwa na mkoa wa Kilkenny peke yake. Jezi yake ni nyekundu, na watu wake huitwa waasi. Ring alizaliwa katika kijiji cha Cloyne mwezi wa Oktoba 1920, mwezi uleule ambao Terence MacSwiney, meya wa mji wa Cork, alifariki katika gereza moja la London baada ya kukataa chakula kwa siku 74. Na kabla mtoto huyo hajatimiza miezi mitatu, askari wa Uingereza walikuwa wamechoma moto katikati ya mji huo. Mkoa uliotoka katika miaka ya namna hiyo ulihitaji kitu cha kujivunia ambacho hakuna mtawala aliyeuletea. Ndivyo ninavyouelewa ukubwa wa mapenzi yao kwa Ring.

Hakuwa mrefu. Nguvu zake zilikuwa mabegani na katika vifundo vya mikono, na aliweza kupiga kutoka upande wa kulia au wa kushoto bila kujipanga upya. Mwaka 1944, katika mchezo wa marudiano wa fainali ya jimbo la Munster dhidi ya Limerick, dakika za mwisho timu zikiwa sawa, alikimbia na mpira kutoka mbali, akapiga, na likawa goli. Mwaka 1946, akiwa nahodha, aliwapita walinzi wa Kilkenny mmoja baada ya mwingine katika fainali, mpira ukiwa juu ya fimbo, akafunga muda mfupi kabla ya mapumziko. Cork ilishinda kwa 7-5 dhidi ya 3-8. Alikuwa amekwisha kushinda mfululizo kuanzia 1941 hadi 1944, na akashinda tena 1952, 1953 na 1954. Fainali hiyo ya 1954, dhidi ya Wexford, ilihudhuriwa na watu 84,856, na ndiyo iliyompa medali ya nane, idadi ambayo hakuna aliyekuwa ameifikia kabla yake.

Lakini mchezo ninaoupenda zaidi katika maisha yake ni ule alioshindwa. Fainali ya 1956, iliyoahirishwa hadi tarehe 23 Septemba kwa sababu ya mlipuko wa polio mjini Cork, ilimkutanisha tena na Wexford, na medali ya tisa ilikuwa karibu. Zikiwa zimesalia dakika chache alijipenyeza, akapiga kwa nguvu zake zote, na kipa Art Foley akauzuia mpira. Wexford wakaupeleka upande wa pili, wakafunga, wakashinda kwa 2-14 dhidi ya 2-8. Filimbi ya mwisho ilipolia, walinzi wawili wa Wexford, Nick O'Donnell na Bobby Rackard, watu waliokuwa wamepambana naye saa nzima, walimbeba Ring mabegani na kumtoa uwanjani kabla hata ya kusherehekea ushindi wao wenyewe. Mimi nimeona wachezaji wengi wakibebwa katika uwanja wa Kamalondo hapa Lubumbashi, wote wakiwa washindi. Sijaona timu iliyoshinda ikimbeba mtu iliyemshinda.

Jack Lynch alicheza naye katika klabu moja, Glen Rovers ya mtaa wa Blackpool, na katika timu moja ya mkoa. Alishinda medali sita katika miaka sita mfululizo: halingi kuanzia 1941 hadi 1944, kandanda ya Kiayalandi, ambayo ni mchezo tofauti na soka, mwaka 1945, halingi tena mwaka 1946, jambo ambalo halijarudiwa na mtu mwingine. Baadaye akawa waziri mkuu wa nchi, kwanza mwaka 1966 hadi 1973, kisha 1977 hadi 1979. Ring alipofariki ghafla mwezi wa Machi 1979 na kuzikwa kwao Cloyne, aliyesimama kaburini kutoa hotuba ya kumuaga dereva huyo alikuwa waziri mkuu aliyekuwa madarakani, naye alisema kama rafiki, si kwa niaba ya serikali.

Ninaposema haya simwambii kijana wa Kenya au Katuba, mitaa ya Lubumbashi, kwamba acheze bila malipo. Wachezaji wetu wana familia zinazowategemea, na anayepata mkataba nje ya nchi huwa amebeba ukoo mzima, kwa hiyo sitamlaumu kamwe. Hata Cork wenyewe waligundua kwamba kutolipwa si sawa na kudharauliwa: mwishoni mwa mwaka 2002 wachezaji wa halingi wa mkoa walikataa kucheza mpaka wapatiwe daktari, usafiri unaofaa na vifaa vya kutosha, wakasimama pamoja, wakakubaliwa. Ninauheshimu mgomo huo kama ninavyouheshimu ubingwa wao wa 2004 na 2005, na naamini bila mgomo vikombe hivyo viwili visingepatikana. Ninachokitamani kutoka kwao ni hiki tu: mtu huchezea parokia yake na mkoa wake, na mtoto anayemtazama Jumapili anaweza kumkuta dukani au benki siku ya kazi, akamsalimia.

Kuwa wa mahali, kwa watu wa Cork, hakujafungwa katika damu. Nahodha aliyeinua kombe mwaka 2005 aliitwa Seán Óg Ó hAilpín, aliyezaliwa Fiji kwa mama Mfiji na baba wa mkoa wa Fermanagh, mkoa usio na jina katika halingi, akakulia Australia, kisha akahamia Cork angali mvulana. Hotuba yake ya ushindi aliitoa kwa Kiayalandi, lugha ambayo Waayalandi wengi waliozaliwa pale hawaizungumzi. Wanawake nao hucheza halingi yao, na kutoka mkoa huohuo Rena Buckley alikusanya medali 18 za taifa katika michezo miwili, akiwa nahodha wa mabingwa wa kandanda mwaka 2012 na wa halingi ya wanawake mwaka 2017. Kabla yao alikuwepo Jimmy Barry-Murphy, ambaye katika nusu fainali ya 1983 dhidi ya Galway aliupiga mpira mrefu ukiwa bado hewani, bila kuudaka, ukaingia wavuni kabla kipa hajainua fimbo. Goli hilo linapatikana kwenye intaneti, nami namshauri kila mpenda michezo alitazame.

Kwa kizazi chetu, hata hivyo, mchezaji wa Cork ni Patrick Horgan, naye pia wa Glen Rovers. Nimetazama kwenye simu mipigo yake ya adhabu: anainama, anaubetua mpira kutoka kwenye nyasi kwa ncha ya fimbo, unapanda hadi usawa wa kiuno, na kabla haujaanza kushuka umekwisha kupigwa, mita 70, katikati ya nguzo. Mwaka 2013, katika muda wa nyongeza wa fainali, pointi yake iliiweka Cork mbele. Ndipo beki mmoja wa Clare, Domhnall O'Donovan, akasawazisha, na Clare wakashinda mchezo wa marudiano. Alishindwa tena katika fainali ya 2021 mbele ya Limerick, na ya 2024 mbele ya Clare, kwa tofauti ya pointi moja baada ya dakika za ziada. Mwaka 2025 Cork ilikwenda mapumziko ikiwaongoza Tipperary kwa pointi sita, kisha katika kipindi chote cha pili ikapata pointi mbili tu, na kushindwa kwa 3-27 dhidi ya 1-18. Horgan alistaafu kuichezea Cork baada ya hapo, akiwa miongoni mwa wafungaji wakubwa kabisa katika historia ya mchezo huo, bila medali hata moja ya ubingwa wa nchi. Ninapowahesabu wachezaji wakubwa wa Cork, jina lake naliweka mara tu baada ya Ring na Barry-Murphy, na anayetaka kubishana nami kuhusu hilo anakaribishwa.