Tafakari ya Juma: Edith Stein na Tasnifu Iliyokwama

Tumsifu Yesu Kristo.

Neno letu la juma hili limo katika Mhubiri 12:12: “Hakuna mwisho wa kutunga vitabu vingi, na kusoma sana huuchosha mwili.” Miongoni mwetu wamo wanaosomea uzamili na uzamivu, wengine katika falsafa, na sidhani kama wao wanahitaji kufafanuliwa maneno hayo. Sura ya kwanza imeandikwa upya mara nyingi kiasi kwamba mwandishi hakumbuki tena alikusudia kusema nini, msimamizi ameirudisha rasimu ikiwa imejaa masahihisho, na vitabu vipya vinazidi kutoka. Kwa ajili yao, na kwa ajili yetu tunaoishi nao, napenda tumtazame Edith Stein, ambaye Kanisa humwadhimisha kila tarehe 9 Agosti kwa jina la Mtakatifu Teresia Benedikta wa Msalaba.

Alizaliwa mwaka 1891 katika familia ya Kiyahudi huko Breslau, mji uliokuwa wa Ujerumani ambao leo ni Wrocław nchini Poland, na akiwa bado kijana aliacha kusali. Mwaka 1913 alihamia Göttingen ili asome chini ya mwanafalsafa Edmund Husserl. Katika mihadhara yake Husserl alifundisha kwamba ulimwengu huu tunaujua kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja wetu anaweza kuufahamu mtazamo wa mwenzake. Lakini hakueleza ni kwa namna gani hasa mtu huifahamu furaha au huzuni iliyo ndani ya mwingine. Edith aliomba swali hilo liwe mada ya tasnifu yake ya uzamivu. Mwalimu alikubali, ila alimtaka alijibu kwa kujadiliana na maandishi ya Theodor Lipps, mwanafalsafa na mwanasaikolojia Mjerumani, nayo yalikuwa mengi sana.

Kilichofuata ni sehemu ya maisha yake ambayo mahubiri mengi huiruka. Binti huyu aliyezoea kulishinda kila somo alijikuta anasoma bila kupata pa kuanzia, usingizi ukamtoka, na baadaye aliandika mwenyewe kwamba alifika mahali ambapo hakuweza kuvuka barabara bila kutamani agongwe na gari. Tusiyalainishe maneno hayo kwa sababu tu leo tunamwita mtakatifu. Mwanafunzi aliyefika hapo anahitaji mtu wa kumsikiliza na, inapobidi, daktari; anayemwambia tu kwamba aongeze sala anamrudishia mzigo ule ule aliokuja nao.

Msaada wa Edith ulipitia kwa mwalimu mwingine wa chuo hicho, Adolf Reinach. Huyu alizipokea kurasa zake ambazo hazijaiva, akazisoma, akamwambia kuwa kazi ni njema na kwamba aendelee nayo. Edith alisimulia kwamba alijiona kama aliyezaliwa upya. Kwangu jambo hili ni zito: mtu aliyekuwa akitafiti jinsi tunavyoijua hali ya wengine alikuwa ameificha hali yake mwenyewe, na kazi ilianza kusogea siku alipokubali kusomwa ingali mbichi. Wanafunzi wa falsafa huwa na kishawishi cha pekee hapa, maana wamefundishwa kuipinga kila hoja, na hoja ya kwanza kuuawa huwa ni yao wenyewe kabla haijafika kwa mtu yeyote.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipopamba moto, mwaka 1915 aliiweka tasnifu kando akaenda kujitolea na Msalaba Mwekundu, akiwauguza askari wenye magonjwa ya kuambukiza huko Mährisch-Weisskirchen, mji ambao leo ni Hranice nchini Cheki. Katika hesabu za chuo miezi hiyo ni hasara. Sithubutu kudai kwamba sura fulani ilizaliwa wodini, lakini ni vigumu kuamini kwamba mtu anaweza kushinda kando ya wagonjwa wasiojua lugha yake, kisha arudi kwenye swali lile lile akiwa vilevile.

Aliporudi alifundisha shule mjini kwao huku akiandika, na mwaka 1916 tasnifu ikakamilika. Julai mwaka huo, akiwa njiani kwenda kuitetea Freiburg, alikohamia Husserl, alipitia Frankfurt na kuingia katika kanisa kuu kama mtalii. Akiwa humo aliingia mwanamke mwenye kapu la sokoni, akapiga magoti kwa sala fupi. Edith alizoea kuona watu wakiingia katika sinagogi au katika makanisa ya Kiprotestanti kwa ajili ya ibada tu. Huyu alikuja katikati ya shughuli zake, kana kwamba ana mazungumzo ya siri na mtu, na Edith aliandika kwamba hakuweza kulisahau jambo hilo. Bado hakuamini. Ubatizo wake ulikuja tarehe 1 Januari 1922.

Freiburg alikuta Husserl bado hajaisoma tasnifu (wengi wenu mtatabasamu), lakini hatimaye aliisoma, na tarehe 3 Agosti 1916 Edith aliitetea na kufaulu kwa daraja la juu kabisa. Shahada hiyo haikumfungulia mlango aliokuwa akiubisha: mwaka 1919 ombi lake la kupata sifa ya kuwa mhadhiri lilikataliwa Göttingen kwa kuwa ni mwanamke. Baada ya kubatizwa alifundisha wasichana katika shule ya masista Wadominiko huko Speyer, akamsoma Mtakatifu Thoma wa Akwino, na katika barua ya mwaka 1928 akaeleza kwamba ni kwa Thoma alipotambua kuwa kazi ya kitaaluma inaweza kufanywa kama utumishi kwa Mungu. Alikuwa ameipata shahada yake miaka 12 kabla ya kuandika hivyo.

Mwenye rasimu aliyoificha na ampelekee mtu mmoja anayemwamini kabla ya Jumapili, ilivyo. Sisi tulio nje ya chuo, tunaposali rozari juma hili, tuwataje wanafunzi wetu kwa majina, tukianza na wale ambao siku hizi hawaonekani jumuiyani.