Kesi ya Jogoo wa Fundi

Mnaomjua binti yangu mnajua kwamba akishika jambo haachii. Sasa yuko kidato cha nne, na juzi usiku alinijia na daftari la baiolojia akaniuliza, "Baba, hivi kuku wawili wa kijivu wakipata kifaranga mweusi, ina maana tetea alichepuka?" Mama yake akamkemea kwa hiyo lugha. Mimi sikusikia hata alivyokemewa, kwa sababu nilikuwa nimeshafika Tabora, Isevya, mwaka 1993, nimeshika tenga chini ya mwembe wa mjumbe.

Baba alipostaafu reli, wenzake walifungua viduka au walinunua mashine za kusaga. Yeye alinunua kuchi. Kwa Tabora hilo halikuwa jambo la ajabu, kuchi ni kuku wa watu wa huko. Ni warefu, shingo imenyooka, upanga mdogo umelala kichwani, manyoya haba kifuani, na miguu ya kutembelea kibabe. Kutaga si kazi yake. Hununui kuchi kwa ajili ya mayai, unamnunua ili mgeni akiingia uani asimame kwanza.

Ila wafugaji wengine walichagua kimo, jicho na miguu, rangi ikawa majaliwa. Baba alitaka rangi. Alitaka banda zima liwe kijivu, kile kijivu kilichokolea chenye ukingo mweusi kwenye kila unyoya, na alikitaka kwa kuchi halisi, bila kuchanganya na damu nyingine. Kwa nini kijivu, hakuwahi kusema. Wekundu kila mtu alikuwa nao. Weusi tii nao wana wateja wao, wale wanaokuja magharibi wakiongea chini chini na hawabishani bei, na Baba hakupenda majirani waone watu wa namna hiyo wakipiga hodi kwake.

Basi akatafuta jogoo wa kijivu na matetea wa kijivu, akawajengea banda la miti na udongo, akaweka na ua wa mabua. Kila walipototoa alichambua. Kijivu anabaki. Mweusi anakuzwa kidogo, kisha anaingia tengani kwenda sokoni. Na kulikuwa na wale wa tatu, weupe usio safi wenye madoa ya kijivu yaliyotapakaa ovyo. Hao Baba aliwaita "uchafu" na ndio walioliwa kwanza wageni walipokuja. Tuliwala sana.

Akaendelea hivyo miaka. Kila kizazi alitegemea weusi wapungue, nao hawapungui.

Jirani yetu alikuwa mshonaji, tukimwita Fundi tu. Naye alikuwa na kuchi mmoja, jogoo mweusi hadi kucha, mrefu kuliko wetu kwa kichwa kizima. Hilo la urefu nadhani ndilo lililomkera Baba kuliko yote, ingawa mbele ya watu alizungumzia rangi. Siku tetea wetu mkubwa alipototoa, na vifaranga wanne wakawa weusi, Baba hakunywa hata chai. Alimfunika tetea na wanawe ndani ya tenga, akaniambia nibebe, tukaenda kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Mjumbe alikuwa mama mtu mzima. Alitusikiliza huku akichambua maharage kwenye ungo na hakuacha hata shauri lilipochacha. Fundi aliitwa, akaja na utepe wa kupimia bado uko shingoni, jogoo kamkumbatia kwapani. Watu walijaa, maana Isevya ya wakati ule ilikuwa haina televisheni nyingi.

Baba alitandika gunia, akaanza kupanga ushahidi. Weusi wanne kushoto. Kijivu kulia. Vifaranga hawakuelewa utaratibu wa baraza, wakawa wanachanganyika, naye anawarudisha mmoja mmoja kwa vidole viwili, jasho linamtoka. Ndani ya tenga nilibaki na tetea anayefoka, na vifaranga wawili wa mwisho, wa rangi hafifu, karibu weupe. Nikauliza, "Baba, na hawa?" Akasema bila kugeuka, "Hao hawahusiki. Waache humo humo." Nikawaacha. Mmoja alipenya kidogo kati ya fito akawa ananidonoa kidole gumba, nami sikukitoa. Nilikuwa namtazama jogoo. Sijawahi kumwona kiumbe aliyetulia vile katika kesi yake mwenyewe.

Baba akasema yake: kijivu na kijivu haviwezi kutoa cheusi, hivyo kuna aliyeruka ua, na anayeruka ua huu anajulikana.

Fundi akaombwa ajibu. Akasema, "Mzee mwenzangu, mimi nina mtoto mweusi kuliko mimi, na mamake ni mweupe. Unataka nimshitaki nani?"

Watu wakacheka. Na kicheko hakijaisha, yule jogoo akanyoosha shingo pale pale kwapani akawika, sauti ndefu ya kuchi inayoishia kwa mkwaruzo. Mama mjumbe akaweka ungo chini kwa mara ya kwanza. "Basi," akasema, "mtuhumiwa amekiri."

Hukumu ilikuwa nyepesi: Fundi amfunge jogoo wake mguu, fidia hakuna, watu wapeane mikono. Wakapeana. Lakini Fundi alikuwa mtu mwenye hasira za kimyakimya. Jioni ile ile alimchinja, na mkewe akatuletea bakuli limefunikwa kwa kawa: kidari na paja. Baba akasema, "Mwambieni asante," akalisogeza bakuli kwa upande wetu watoto. Nyama ya kuchi hata ukiichemsha mchana kutwa bado inakushinda meno. Tukaila hivyo hivyo.

Sasa haya ya kwenye daftari. Vitabu vyao vinatumia kuku wa Andalusia, wa kule Uhispania, ambao wanasayansi wawili, Bateson na Punnett, waliwafanyia hesabu Cambridge, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kijivu hiki si rangi inayojitegemea. Kuku wa kijivu amebeba vitu viwili: kimoja cha kupausha weusi, kingine cha kuuacha ulivyo. Kila kifaranga huchukua kimoja kwa baba na kimoja kwa mama. Kwa hiyo ukikutanisha kijivu na kijivu, kwa wastani kati ya vifaranga 4 unapata 2 kijivu, 1 mweusi, na 1 aliyepaushwa mara mbili, yule mweupe wa madoa. Ungechambua miaka 100 na bado weusi wangekuja. (Kuna kijivu kingine, chepesi zaidi, ambacho huzaa kijivu tupu. Huyo hatukuwahi kumwona Isevya.)

Njia ya kupata kijivu bila doa ni kumchukua mweusi ukamweka na yule "uchafu". Watoto wao wote, bila kubakiza, wanatoka kijivu. Nilipoliona hilo kwenye daftari nililazimika kuweka kikombe mezani. Nusu ya alichokitafuta Baba ilikuwa kwenye sufuria yetu kila alipokuja mgeni, na nusu nyingine ilikuwa kwapani mwa Fundi: kuchi halisi, mweusi, na mrefu kuliko wetu.

"Kwa hiyo jogoo alionewa," binti yangu akahitimisha.

Nikamwambia asiharakishe. Wale wawili niliobaki nao tengani, ndiyo, walikuwa watoto wa jogoo wetu, maana mweusi hana cha kupausha cha kumpa mtoto. Lakini tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili hivi, wakati mwingine zaidi, na mayai ya kiota kimoja yanaweza kuwa na baba wawili. Weupe walishuhudia juu ya nafsi zao tu. Wale wanne weusi bado hatuwajui. Akanuna. Kwenye mtihani, akasema, hakuna majogoo wanaoruka ua.

Baba bado yupo Tabora, ana kuku wa rangi zozote zinazojileta. Fundi ametangulia mbele ya haki. Mara mbili nimeshika simu nimweleze Baba mambo ya Andalusia, mara zote nikaishia kuuliza habari za mvua. Labda anapaswa kujua. Labda mtu wa umri wake ana haki ya kubaki na ushindi wake, hata kama ulikuwa wa kimakosa, na hata hilo la makosa sina hakika nalo.

Tena si kwamba hakupata dalili. Mwaka uliofuata, tetea yule yule alitotoa tena. Fundi hakuwa amefuga jogoo mwingine. Tukainama wote bandani: kijivu, kijivu, mweusi, kijivu, mweusi. Baba akawatazama muda mrefu, akachukua mmoja akamgeuza tumbo juu kama mtu anayesoma namba ya mashine, akamrudisha chini.

"Huyu," akasema, "atakuwa yule jogoo wa kule msikitini."

Mama alikuwa mlangoni anafuta mikono kwenye kanga. "Haya," akasema, "nimwite mama mjumbe, au utakwenda mwenyewe?"