Sekunde kumi ndani ya gemu

Mchana wa jua kali ufukweni mwa Ziwa Kivu, kamera iliyowekwa ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga) na f/16 (tundu dogo la lenzi) hutaka takriban 1/100 ya sekunde ya kupokea mwanga. Anayetaka maji yawe laini kama maziwa hufunga kichujio cha ND1000, kioo cheusi kinachopunguza mwanga mara 1000, na kupata sekunde 10. Ukitaka picha kama hiyo ndani ya gemu ya kompyuta, gemu haina shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga. Kila fremu, yaani kila picha moja ya skrini, hunasa kitambo kimoja tu, kwa hiyo sekunde hizo lazima uzijenge mwenyewe.

Modi ya picha ya gemu haifai hapa, maana husimamisha wakati na maji hugandia palepale. Tafuta kamera huru, unayoweza kuiweka popote ndani ya gemu, ambayo haisimamishi gemu. Zima ukungu wa mwendo, chembe za filamu, ramani na alama zote za skrini. Kamera isitikisike hata kidogo, la sivyo mawe nayo yatafifia. Rekodi sekunde 10 kwa fremu 60 kila sekunde, kisha chukua moja katika kila tano: zinabaki 120, na kwa maji zinatosha. Zihifadhi kama faili za PNG kwenye folda moja. Kwenye ImageMagick, programu ya kuchakata picha kwa amri, zichanganye kwa wastani (Mean):

magick *.png -evaluate-sequence Mean maji.png

Fremu 120 za 1920×1080 zaweza kumeza karibu gigabaiti 3 za RAM. Kompyuta ikilemewa, zigawe mafungu sita ya 20, pata wastani wa kila fungu, halafu wastani wa hayo sita. Jibu ni lilelile mradi mafungu yalingane, na umeme wa Goma ukikatika katikati, unapoteza fungu moja tu.

Taa ndizo zenye ukaidi. Pikipiki usiku kwenye rond-point Chukudu, mzunguko wa barabara mjini Goma, huacha mistari kwa kamera halisi kwa sababu taa yake ina mwanga mwingi mno kuliko barabara. Kwenye skrini mwanga huo umekatwa ukafika 255, kiwango cha juu kabisa cha mwangaza, basi. Taa ikipita sehemu moja kwa fremu moja kati ya 120, wastani unaiachia kama 2. Haionekani. Hapo tumia Max, inayobakiza thamani angavu zaidi ya kila nukta, badala ya Mean, na fremu zote 600 bila kuruka: kwa kilomita 60 kwa saa gari husogea sentimita 28 kila fremu, na taa iliyo karibu hutoka vidoti vidoti. Ili vidoti viungane, punguza kasi ya gemu hadi robo, urekodi sekunde 40.

Mwisho weka picha ya Max juu ya ile ya Mean kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa modi ya kuacha kilicho angavu zaidi, ukifuta mapovu ya maji na mpita njia mwenye shati jeupe: Max huwahifadhi nao.