Kereng'ende wa Rangi ya Chungwa Niliyempa Jina Lisilo Lake

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimehifadhi picha ya kereng'ende mdogo mwembamba wa rangi ya chungwa chini ya jina la Ceriagrion, jenasi (kundi la spishi) ya kereng'ende wembamba, nami nilikuwa nimeridhika kabisa. Kumbe alikuwa jike mchanga wa Ischnura senegalensis, spishi ya kawaida ya maji yaliyotuama ambayo huonekana kuanzia Afrika hadi Japani, na ambayo madume yake nilikuwa nimeyapiga picha mara nyingi kando ya bwawa lilelile.

Dume hasumbui sana. Urefu wake ni sentimita 3 hivi, mgongo wake ni mweusi, mbavu za kifua ni za kijani au buluu, na karibu na ncha ya tumbo, lile ambalo wengi wetu huliita mkia, pana alama ya buluu inayoonekana hata akiwa amejificha katikati ya majani. Tumbo la kereng'ende lina pingili 10, na mimi huzihesabu kuanzia nyuma: ya 10, ya 9, kisha ya 8, ambayo ndiyo yenye buluu. Rangi hiyo ikifunika mgongo wa pingili ya 9 pia, kama ilivyo kwa madume wengi wa Pseudagrion, jenasi nyingine ya kereng'ende wembamba, itakubidi utafute jina jingine.

Jike ndiye mwenye vituko. Wapo majike wanaofanana na dume, buluu ya nyuma ikiwamo, ambao hutambulika kwa kifaa kinene cha kutagia mayai kilicho chini ya ncha ya tumbo. Na wapo wanaoanza maisha ya utu uzima wakiwa na rangi ya chungwa, kisha wakabadilika polepole kuwa wa kahawia au kijani kilichofifia. Hata hivyo, wenye rangi ya chungwa wana utepe mweusi katikati ya kifua na mgongo mweusi wa tumbo, ilhali Ceriagrion glabrum, niliyedhani ndiye, hana weusi huo.

Picha yangu ilipigwa kutoka mbele. Macho yalitoka vizuri mno, na kila kilichokuwa nyuma ya macho kilikuwa ukungu. Kwa karibu namna hiyo, sehemu inayotoka wazi ni milimita chache tu, hata tundu la lenzi likibanwa hadi f/11, kwa hiyo siku hizi huiweka kamera sambamba na ubavu wa mdudu kabla ya kutafuta pembe ya kupendeza. Mimi huenda bwawani asubuhi na mapema, umande ukiwa bado haujakauka, kwa sababu mdudu aliyepoa haruki ovyo, ingawa bado huzunguka upande wa pili wa bua kila ninapomsogelea.

Wiki iliyopita nilimpata jike mwingine wa rangi ya chungwa. Picha yake haina mvuto wowote, na jani limeficha bawa moja, lakini utepe mweusi unaonekana wote.