Zuzu ni mtu wa maabara

Wengi wakikutana na Karolyn Grimes humwuliza habari za James Stewart, mwigizaji aliyekuwa baba yake kwenye filamu. Mimi nilitaka kumwuliza habari za darubini.

Kwa asiyemjua: ndiye Zuzu, mtoto wa kwenye filamu ya Krismasi ya mwaka 1946, It's a Wonderful Life. Anatoka shule na ua alilotuzwa, koti hafungi vifungo asije akaliponda, baridi inampiga mpaka analala kitandani. Petali zinapodondoka anamwambia baba azigundishe. Baba anazificha mfukoni, anajifanya kalitengeneza. Na mwishoni kengele ikilia kwenye mti wa Krismasi, ni yeye anayemwambia baba kwamba kuna malaika kapata mabawa. Dakika chache tu, basi.

Dada yangu anaishi jimbo la New York, anatunza wazee. Kila Desemba mji wa Seneca Falls hufanya sherehe ya filamu hii, maana wenyeji wanashikilia kuwa Bedford Falls ya kwenye hadithi ni mji wao. (Capra, mwongozaji wa filamu, hayupo tena wa kubisha.) Dada akapanga foleni, akanipigia kwa video. Kule saa nane mchana. Hapa Jinja, Uganda, saa nne usiku, niko zamu, slaidi za damu za kupimia malaria nimeshazitia rangi ya Giemsa zinakauka.

"Wewe, shika simu vizuri usiniaibishe. Zuzu huyu hapa."

Akatokea bibi mwenye bashasha. Nikamsalimu kwa heshima zote, sauti ikinitetemeka kidogo. Dada akamweleza kwamba mdogo wake ni mtu wa maabara, nami nikaigeuza kamera kwenye darubini. Hapo ndipo alipoinama, akaisogelea simu. Kisha mtandao wetu ukafanya mambo yake, ukakatika.

Sasa, kwa nini darubini? Alizaliwa 1940. Alipofika miaka 14 mama yake akafariki; mwaka uliofuata baba akafa kwa ajali ya gari. Wakamtoa Hollywood, wakampeleka kwa ndugu katika mji mdogo wa Osceola, Missouri. Filamu zikaishia hapo. Akasoma, akawa mtaalamu wa maabara ya hospitali, akaolewa, akalea watoto. Filamu yenyewe haikuingiza pesa nzuri ilipotoka. Ila mwaka 1974 wenyewe hawakuihuisha hakimiliki, televisheni zikaanza kuirusha ovyo kila Krismasi, na Marekani nzima ikaizoea. Karolyn alikuwa na miaka kama 40 alipokaa kuitazama yote kwa mara ya kwanza, waandishi wa habari walipokwisha kuanza kumbishia hodi.

Umetoka zamu, mikono inanuka spiriti, mtu mlangoni anakuita Zuzu!

Waigizaji kwa kawaida hawanibabaishi. Nimekulia Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, kwenye vibanda vya video, na kule anayeshangiliwa ni VJ anayetafsiri filamu papo hapo, siyo steringi. Lakini mtu wa maabara namvulia kofia. Mgonjwa akipona atamshukuru daktari, atamshukuru nesi, atamshukuru hata dereva wa bodaboda aliyemleta. Aliyekiona kimelea kwenye tone la damu hajulikani hata jina.

Krismasi hii tunaionyesha Walukuba, kwa projekta ya kuazima. VJ wa mtaani hutafsiri kwa Kiganda, kwa hiyo Kiswahili nimepewa mimi, maana wazee wetu walikuja kufanya kazi viwandani kutoka kila kona na hicho ndicho wanachosikilizana. Watoto wataulizia theluji, nishajiandaa: walirekodi wakati wa joto kali California, na ile theluji ni povu la kuzimia moto, sabuni na maji.

Sauti ya Zuzu nimempa binti wa jirani. Sentensi ya kengele ameshaikariri, ila soda yake anaitaka kabla ya filamu kuanza, na amesema siyo ya kugawana na kaka yake.